Mkono wa Mtoto na Kabati la Vioo

Neno letu “makumbusho” limesimama juu ya kukumbuka: mgeni huingia ili akumbushwe yaliyopita. Mtoto wa miaka sita hana mengi ya kukumbuka. Ukimwingiza humo, cha kwanza hunyoosha mkono, na kila mji umeupokea mkono huo kwa namna yake.

Brooklyn waliupokea mapema, Desemba 1899, walipofungua makumbusho ya kwanza duniani kwa ajili ya watoto. Humo ulifundishwa kushika na kulinganisha viumbe na vitu vya maumbile. Munich wakashika njia nyingine. Makumbusho ya mhandisi Oskar von Miller, Deutsches Museum, yaliasisiwa mwaka 1903, na jengo lake kwenye kisiwa cha mto Isar likafunguliwa 1925. Pale mgeni hubonyeza kitufe, mashine ikazunguka. Kwa miaka mingi aliweza kushuka hata katika mgodi wa mfano. Mkono huamsha kazi ya fundi, ila kitakachotokea fundi alikwisha kukiamua. Naona humo heshima kubwa kwa ustadi.

Mwanafizikia Frank Oppenheimer aliyazuru makumbusho ya Ulaya kabla ya kufungua Exploratorium, San Francisco, mwaka 1969. Mashine alizipenda, uamuzi akamwachia mtoto, abadilishe kitu, aone, abadilishe tena. Kisha taasisi hiyo ikachapisha maelekezo ya kuunda vifaa vyake, mithili ya vitabu vya mapishi, na yeyote mwenye karakana akaweza kuvitengeneza kwao.

Ukarimu huo nauthamini kuliko vifaa vyenyewe, maana mji mdogo hauna hazina za kifalme za kuonyesha. Ann Arbor, katika jimbo la Michigan, ulikuwa na kituo cha zamani cha zimamoto, jengo la matofali la karne ya 19. Mwaka 1982, kwa juhudi za Cynthia Yao, kikafunguliwa kuwa makumbusho ya kushika na kujaribu, kikianza na vifaa 25 tu.

Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho cha miaka ya 1960 kina nyumba za jadi za ukubwa wake halisi. Huko mwili mzima huingia, na swali ni waliishije. Ann Arbor swali ni itakuwaje nikigeuza hiki. Mtoto anayepapasa ukuta wa udongo Dar huenda akakuta vidole vya aliyeukandika. Mwenzake wa Michigan ameshika gurudumu lililosimama, linamngoja yeye.