MHURI WA WAKILI: NANI ANARUHUSIWA KUUPIGA, NA WEWE UNAFIKAJE HUKO?

Msimu wa kuomba mkopo wa chuo au ajira ukifika, habari ni ile ile: unatoa kopi, kisha unauliza "mhuri wa wakili napata wapi hapa karibu?" Mdogo wangu aliambiwa na jamaa mmoja wa steshenari, "lete buku tatu, mhuri ninao humu humu." Akalipa. Kwenye kupeleka fomu, karani akalitafuta jina la huyo wakili, halipo. Fomu ikarudishwa, na mwisho wa kupokea ilikuwa kesho yake. Basi leo tuwekane sawa.

HUYU MTU NI NANI?
Tanzania Bara kazi hii ina sheria yake, Sura ya 12, inayohusu notari wa umma na makamishna wa viapo. Kofia ni mbili ila kwa kawaida anazivaa mtu mmoja, naye ni wakili. Akiwa kamishna wa viapo anakuapisha na kushuhudia hati ya kiapo, mfano cheti kimepotea au majina kwenye vyeti hayafanani. Akiwa notari anathibitisha nyaraka, hasa zile zinazokwenda kutumika nje ya nchi.

UNAFIKAJE HUKO?
1. Shahada ya sheria, miaka 3 au 4 kutegemea chuo.
2. Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo pale Dar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Hapo kuna darasa, mitihani na mafunzo kazini. Wengi wanakwama hapa, usiende kichwa kichwa.
3. Unapeleka maombi kwa Jaji Mkuu ukubaliwe kuwa wakili. Ukipita, unaapishwa na jina linaingia kwenye orodha ya mawakili.
4. Unalipa ada na kuomba cheti cha notari na kamishna wa viapo kwa Msajili wa Mahakama Kuu.
5. Leseni ya uwakili unaihuisha kila mwaka. Usipohuisha, huruhusiwi kufanya kazi.

Zanzibar wana utaratibu wao. Kenya nako ni tofauti: unotari unaombwa baada ya kufanya kazi ya uwakili kwa miaka kadhaa.

MASHARTI YA KAZI
- Haruhusiwi kushuhudia kiapo kwenye shauri ambalo yeye mwenyewe ni wakili wa upande mmoja au ana maslahi nalo.
- Anayeapa lazima awe mbele yake na asaini hapo hapo. Kumtuma bodaboda na karatasi uliyosaini nyumbani siyo kiapo.
- Lazima aandike mahali na tarehe kiapo kilipofanyika. Hili siyo dogo: mwaka 2002, kwenye kesi ya D.B. Shapriya dhidi ya Bish International, Mahakama ya Rufani ilisema kiapo kisichoonyesha mahali kina kasoro ya kisheria. Baada ya marekebisho ya mwaka 2016, jina lake pia ni lazima.
- Kopi ya cheti haipigwi mhuri mpaka aione ile ya asili. Anayegonga bila kuangalia anahatarisha leseni yake.

WEWE MTEJA UFANYEJE?
Kwanza, nenda na vyeti vya asili na kitambulisho. Pili, lihakiki jina la wakili kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania. Ni dakika mbili tu hapo hapo kafe. Tatu, kama wakili yuko mbali, uliza mahakama iliyo jirani, maana hakimu naye anaweza kushuhudia kiapo. Nne, soma kabla hujasaini. Kuapa uongo ni kosa la jinai, na anayebanwa ni wewe, siyo aliyekuchapia.

Mhuri wenyewe ni mpira na wino tu, kila mtu anaweza kuchongesha. Kinachoupa nguvu ni jina lililo kwenye orodha na mtu aliyekuona kwa macho yake ukisaini. Vishoka hawana vyote viwili.

Wadau mliopitia hiyo taasisi, au mliowahi kulizwa na vishoka, uwanja ni wenu. Mwageni maoni hapo chini, ila matusi hapana.