Sauti Kutoka Mwisho wa Reli

Ujiji ni mji uliozoea kupokea. Katika karne ya kumi na tisa, misafara iliyoondoka Bagamoyo na kupitia Tabora ilitua mizigo yake ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Shanga na vitambaa viliuzwa sokoni, na pamoja navyo vikatua Kiswahili, Uislamu, kanzu na ngoma za pwani. Burton na Speke walifika mwaka 1858. Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Vitabu vya shule vimewakumbuka wageni hao kuliko wapagazi waliotembea miezi na mzigo begani, wakiimba ili njia iwe fupi. Kilichotoka Ujiji kilikuwa pembe za ndovu na binadamu waliofungwa, na hesabu ya faida ikafanywa Unguja na ng'ambo ya Unguja.

Mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma, na tangu hapo Watanzania wameiita Kigoma mwisho wa reli. Upande wa pili wa ziwa zimo Kalemie na Uvira, na kaskazini Bujumbura, kwa hiyo muziki wa Kongo ulivuka maji kwa mitumbwi, kwa meli na kwa mawimbi ya redio. Sauti zimefika Ujiji kutoka pande zote. Swali linalostahili kuulizwa ni jingine: ni sauti gani iliyotoka Ujiji ikiwa na jina la Ujiji?

Waliotoka ni watu. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walikusanyika na kuimba wimbo uitwao, kwa Kiha, Leka Dutigite, na nchi ikashangaa kuona wingi wao. Diamond Platnumz, mmoja wao, alikulia Tandale, Dar es Salaam, na baadaye akaanzisha lebo yake ya Wasafi. Kigoma imetoa waimbaji, lakini jina na fedha vimetengenezwa kwenye mwanzo wa reli.

Neno lebo lenyewe lahitaji kufafanuliwa. Hapo awali lilikuwa karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri, ikitaja kampuni, mwimbaji na wimbo. Baadaye likawa jina la kampuni yenyewe: anayechagua sauti, anayelipia kazi, anayechapa na anayeuza. Mwenye lebo ndiye huamua kipi kidumu na kipi kipotee hewani.

Pwani imelijua jambo hili zamani. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walisafirishwa hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Kampuni ilitaka soko. Maana ya beti haikuwa shughuli yake. Hata hivyo sauti ile ikabaki. Miongo kadhaa baadaye Mombasa ikawa na lebo zake ndogo. Wafanyabiashara wa Assanand walitoa santuri za taarab kwa jina la Mzuri, na duka la Mbwana Radio likauza kaseti za taarab. Hao hawakuhitaji Bombay iwaambie kipi kizuri, maana mnunuzi wao alikuwa mtaani.

Tanzania Bara ilipita njia nyingine. Kwa miaka mingi mrekodi mkuu alikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na bendi iliyotaka santuri ilitazama Nairobi. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Ngoma za mitaani hazikusubiri. Mchiriku, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya umeme na vipaza sauti vilivyokwaruza, ulienea kwa kaseti zilizonakiliwa mkono kwa mkono. Ulikuwa muziki wa majaribio kabla ya mtu kuuita hivyo: kifaa duni kilibanwa hadi kitoe sauti ambayo aliyekiunda hakuiwazia.

Kutokana na mchiriku, na kutokana na vipande vya taarab vilivyokatwa na kuendeshwa kasi, ikazaliwa singeli katika mitaa ya Manzese, Tandale na Mburahati. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na pengine hukaribia 300. Studio ya Sisso huko Mburahati ilikuwa moja ya karakana zake.

Hapo ndipo lebo ndogo ya Kampala ilipoingia. Arlen Dilsizian na Derek Debru, wageni kutoka Ulaya waliohamia Uganda, walianza kwa kuandaa dansi za usiku. Mwaka 2015 wakaanzisha tamasha kando ya Mto Nile karibu na Jinja, kisha lebo iitwayo Nyege Nyege Tapes. Jina hilo humtia haya msikilizaji wa pwani, ingawa kwa Kiganda wenyewe hulieleza kuwa ni hamu ya kucheza isiyozuilika. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alitangaza kulizuia tamasha, kisha likaruhusiwa. Miongoni mwa kazi za mwanzo za lebo hiyo ilikuwa ya Disco Vumbi, mradi wa Alai K wa Mombasa. Mwaka 2017 ukatoka mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Mwaka 2018 Poaa ya Bamba Pana. Mwaka 2019 Tatizo Pesa ya Jay Mitta. Lebo dada, Hakuna Kulala, ikawapa nafasi vijana wengine, akiwamo Rey Sapienz, mtayarishaji kutoka Kongo mashariki aliyehamia Kampala.

Kazi ya lebo ya namna hii haina utajiri. Hutoa nakala chache, wakati mwingine kaseti, huweka muziki kwenye intaneti, na hutegemea maonyesho ya wasanii kuliko mauzo. Mtaji wake ni sikio: kusikia jambo kwenye chumba chenye joto cha Mburahati na kuamini kwamba lina thamani kabla redio haijaamini. Jambo kubwa ni kwamba Sisso hakulazimika kuhama. Studio ilibaki mtaani kwake, na sauti ndiyo iliyosafiri.

Lakini hapa pana deni. Singeli si mapigo tu. Mwimbaji wake hujibizana, hutania, hulalamikia kodi ya nyumba na mapenzi ya hila, kwa kasi inayomshinda hata Mswahili asipotega sikio. Msikilizaji wa Manchester au Berlin hununua mdundo, na maneno humpita kama upepo. Siti binti Saad alipata bahati ya pili: Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kalamu ikashikana mkono na santuri. Bila kalamu hiyo angebaki sauti nzuri isiyo na maisha. Waimbaji wa singeli wanamngoja mwandishi wao, na watayarishaji wao wanahitaji mikataba wanayoielewa, ili sauti isiende kama pembe zilivyokwenda, ikapata thamani baada ya kuvuka bahari.

Ujiji ina yote ambayo lebo ndogo huyatafuta. Dhikri za Qadiriyya zina mapigo ya pumzi. Ngoma za Waha na za Wamanyema zimekaa jirani kwa vizazi. Rumba ya ng'ambo ya ziwa ni muziki wa nyumbani. Na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 mkoani humo, imelea watoto wa Kongo waliokua wakisikia Kiswahili cha namna mbili. Kompyuta moja na chumba kimoja vilitosha Mburahati. Anayehitajika ni mtu wa kukaa pale, kusikiliza, kulipa kwa haki, na kuweka daftari kando ya kinasa sauti, aandike nani ameimba, kwa lugha gani, na maneno gani. Treni inayoondoka Kigoma huanza safari yake hapo hapo, na kwa msafiri wa Ujiji, pale panapoitwa mwisho wa reli ndipo mwanzo wake.