Kukimbia na Kukimbilia: Watoro wa Rabai na Imani Yao, 1874–1889

Katika historia ya Ukristo wa pwani ya Kenya, majina yatajwayo kwanza ni ya Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, na mwenziwe Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka wa 1846, ambao walifanya maskani yao Rabai. Si ajabu, kwa maana hao waliacha shajara, barua na kamusi. Watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao wakajikusanya katika vituo vya misheni, hawakuacha maandishi mengi. Aghalabu twawajua kwa kalamu za watu wengine, na baadhi ya wenye kalamu hizo waliwaona kuwa usumbufu. Swali letu katika makala haya ni moja: watu hawa, wasio na silaha ya maana wala sheria ya kuwatetea, waliupata wapi ujasiri wa kukaa mahali pamoja kwa miaka mingi, mwendo wa saa chache tu kutoka kwa waliokuwa wakiwatafuta? Rai yetu ni kwamba waliupata katika jamii waliyoijenga pamoja na viongozi wachache Waafrika, na kwamba tumaini lao kwa Mungu haliwezi kutenganishwa na jamii ile. Katika kulieleza jambo hili tutaisaidia historia kwa sarufi kidogo.

Yafaa kwanza tutofautishe makundi mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mkataba ambao Sultani Barghash wa Unguja aliutia sahihi tarehe 5 Juni 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini haukuuondoa utumwa wenyewe. Kwa hiyo mateka walionaswa na manowari za Kiingereza katika majahazi walikuwa huru kwa mujibu wa sheria, na ndio waliopelekwa Freretown, kijiji kilichoanzishwa na chama cha CMS mwaka wa 1874 na 1875, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mtoro hakuwa na bahati hiyo. Yeye alikuwa mali ya mtu, na aliyemficha alihesabiwa kuwa ameficha mali ya mtu. Wakuu wa misheni walijua hivyo, na msimamo wao rasmi ulikuwa kwamba watoro wasipokelewe. Hata hivyo walikuja.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Kitenzi *kukimbia* chataja mwendo na hofu. Kinatazama nyuma, kwa kile kinachoachwa. Kikitiwa kiambishi cha kutendea kinakuwa *kukimbilia*, na mara macho yanageuka mbele, kwa mahali au mtu anayetarajiwa kumpokea anayekuja. Mtu aweza pia kusema *kutorokea*, lakini masikioni mwetu neno hilo lina harufu ya kujificha. Anayetorokea mahali hatarajii kukaribishwa. Kutokana na *kukimbilia* tumepata nomino *kimbilio*, ambayo wafasiri wa Biblia ya mwaka wa 1952 waliitumia katika Zaburi kumtaja Mungu mwenyewe. Tafsiri hiyo ilitokea muda mrefu baada ya mambo tunayoyasimulia, na hatudai kwamba watoro waliisoma. Twasema tu kwamba lugha ilikuwa na nafasi ya kulibeba wazo hilo, na kwamba watoro walilitenda kwa miguu yao kabla wafasiri hawajaliandika.

Baadhi ya wanahistoria wamelitazama jambo hili kwa shaka. Wanauliza kama wale walikuwa waumini kweli, au walikuwa watu wenye kutafuta usalama na shamba la kulima, ambao wangeingia dini yoyote yenye mlango wazi. Swali hilo si la kubezwa, lakini linakosea kudhani kwamba haja ya mwili na imani ya moyo ni vitu viwili vinavyoshindana. Isitoshe, milango mingine ilikuwako. Kaskazini, Witu, Sultani Ahmad aliyejulikana kwa jina la Simba aliwapokea watoro wengi, akawapa ardhi na ulinzi wa bunduki. Tena palikuwa na vijiji vya watoro vilivyojisimamia msituni bila kasisi wala kanisa. Waliochagua kukaa penye sala na shule walichagua mahali penye ulinzi hafifu zaidi.

Mfano ulio wazi ni Fuladoyo. Kijiji hiki hakikuasisiwa na Mzungu. Kilitokana na Wagiriama wachache waliopokea Ukristo, na watoro wakamiminika kwao hata wenyeji wakawa wachache miongoni mwa wageni. Kiongozi wao alikuwa David Koi, ambaye hakuwa kasisi. Alikuwa Mkristo wa kawaida aliyewaongoza wenziwe katika sala na masomo. Mwaka wa 1883 kijiji kilishambuliwa, na Koi akakamatwa, akauawa. Wapo wanaomtaja kuwa shahidi wa kwanza wa Kanisa la Kianglikana nchini Kenya. Sisi twaona kwamba jambo kubwa zaidi ni lile lililofuata: kifo chake hakikuwatawanya watoro wa pwani wakaikimbia misheni. Katika miaka iliyofuata idadi yao Rabai ilizidi.

Rabai palikuwa na William Jones. Mtu huyu alizaliwa katika nchi ya Wayao, akatekwa utotoni, akaokolewa na kulelewa na misheni huko Nasik, karibu na Bombay, kisha akarejea Afrika Mashariki mwaka wa 1864. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi pamoja na Ishmael Semler, na katika Julai ya mwaka huo huo wakaondoka pamoja kuelekea Uganda. Hannington alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara katika nchi ya Kavirondo, akatangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alingoja kwa majuma kadhaa, akiwa na wapagazi wenye njaa na hofu, hata ilipokuwa hakika kwamba bwana wao harudi. Ndipo akawaongoza njia yote mpaka pwani. Waliingia Rabai Februari 1886 wakitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa *Ichabod*, neno la Agano la Kale linalomaanisha kwamba utukufu umeondoka. Aliyerudi na msafara ule hakuwa mtu wa kuambiwa hatari ni nini.

Tukikumbuka hayo, hatutashangaa kwamba Jones aliwapa watoro hifadhi huku wakuu wake wakiamini kwamba agizo lao linafuatwa. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. Kwake mtoro hakuwa tatizo la kisheria.

Jamii iliyokua pale ilikuwa ya ajabu kwa lugha pia. Katika vituo hivi palikuwa na Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, waliong'olewa katika koo zao na kuzikosa lugha za mama zao au kuzisahau. Mithali yetu husema jasiri haachi asili; hawa asili yao walikuwa wamenyang'anywa, na ilibidi ujasiri wao usimame juu ya kitu kingine. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, na katika Kiswahili hicho neno *ndugu*, ambalo kwao halikuwa tena na damu nyuma yake, lilijazwa maana mpya kanisani. Maneno mengine yalikuwa na miiba. *Bwana* alikuwa yule aliyewamiliki, na sasa waliambiwa wamwite Mungu hivyo hivyo. *Mtumwa* lilikuwa jina la fedheha, nalo likasomwa kuwa cheo cha Paulo. Haielekei kwamba walizisikia ibara hizo kama tunavyozisikia sisi. Mwenye kumkiri Bwana mmoja wa mbinguni alikuwa akisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba yule wa shambani si bwana wa kweli.

Wala tusiipambe misheni kupita kiasi. Freretown, chini ya msimamizi wake J. R. Streeter, palikuwa na viboko na vifungo hata ubalozi wa Uingereza wa Unguja ukafanya uchunguzi mwaka wa 1881. Watu walioukimbia mjeledi wa shambani waliukuta mwingine misheni, na imani yao haikuweza kutegemea wema wa Wazungu peke yake.

Mwishoni mwa mwaka wa 1888 siri ya Rabai ilifichuka. Kampuni ya IBEA ilikuwa imepata hati yake ya kifalme Septemba, na wenye watumwa wa Mombasa walimjia George Mackenzie, mwakilishi wake, wakidai mali yao. W. S. Price wa CMS alipofanya hesabu alikuta watoro takriban 900 Rabai peke yake. Kuwarudisha kungekuwa kuwatia katika minyororo. Kuwakataa wadai kungeweza kuleta vita. Mackenzie aliamua kuwalipa wenye watumwa, na fedha zikachangwa na Kampuni, misheni na wafadhili Waingereza. Tarehe 1 Januari 1889 watoro waliitwa Rabai, mmoja mmoja kwa jina, wakapewa hati zao za uhuru. Pamoja na wale wa vituo vingine vya misheni, walioandikwa huru walizidi 1,400.

Msomaji wa lugha atatambua kwamba tendo lile lilikuwa *kukomboa* kwa maana yake ya zamani ya pwani, yaani kulipa ili kukitoa kitu kilichowekwa rehani. Fedha zilikwenda kwa waliomiliki, si kwa waliomilikiwa. Sheria yenyewe iliuondoa utumwa katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907, miaka 18 baadaye. Ng'ambo ya kisiwa, mahali ilipotundikwa kengele ya Freretown, ambayo wazee husimulia kwamba ililizwa kuwaonya watu wakati wa hatari, hadi leo panaitwa Kengeleni.