Vijana wa Mizinga Waliozama na Khedive Ismail

Wazee wetu na wanachama wote, katika kuandika habari za mwaka yatupasa tuwakumbuke pia wale wasiokuwa na kaburi.

Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, ikichukua watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, wengi wao vijana wa Kiafrika. Katika majeshi ya siku zile walikuwamo walioandikwa kwa hiari yao, wakitaka mshahara au kuuona ulimwengu, na walikuwamo waliosukumwa na wakubwa. Bahari haikuwabagua.

Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani I-27, iendayo chini ya maji, iliipiga meli hiyo kwa topido mbili. Ikazama kwa dakika chache tu. Manowari za Kiingereza Petard na Paladin zilimsaka adui, zikatupa mabomu pale pale walipokuwa wakiogelea waliookoka. I-27 iliangamizwa siku ile ile; lakini watu 1,297 walikuwa wamekwisha kupotea.

Majina ya askari hao yamechorwa kwenye ukumbusho ulio katika Makaburi ya Vita, Nairobi. Walakini jiwe halijui kijana alikuwa mwana wa nani. Hayo mwayajua ninyi. Kwa hiyo twaomba kila nyumba iliyopotelewa na kijana vitani ituletee jina lake, la baba yake na la kijiji chake, tuyatie katika daftari la Chama, kabla vinywa viyajuavyo havijanyamaza.