Bustani Kwanza, Shamba Baadaye: Kura za Ardhi Katika Kaunti ya King

Wapiga kura wa kaunti ya King, kaskazini-magharibi mwa Marekani ulipo mji wa Seattle, wameulizwa mara kadhaa kama wako radhi kutozwa kodi ili ardhi fulani isijengwe. Majibu yao, yakipangwa kwa miaka, yanaonyesha jambo ambalo watetezi wa mashamba huenda wasilifurahie: mkazi wa mjini hutoa fedha upesi kwa ardhi anayoikanyaga, na husita kulipia ile anayoipita tu akiwa garini. Shamba lilipata kura baada ya kufungamanishwa na kitu alichokwisha kukizoea.

Februari 1968 kaunti ilipigia kura mfululizo wa miradi ulioitwa Forward Thrust. Ili kukopa kwa hatifungani, sheria ilidai asilimia 60 ya kura. Hatifungani za bustani za umma, dola milioni 118, zilipita. Za treni ya mjini zilipata zaidi ya nusu ya kura na bado zikaanguka. Mwaka huohuo, katika bonde la mto Green, kituo kikubwa cha maduka cha Southcenter kilifungua milango mahali palipokuwa mashamba. Bwawa la Howard Hanson, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1960, lilikuwa limeyadhibiti mafuriko ya bonde hilo. Mafuriko yaliwatesa wakulima kweli, lakini yaliwatisha wajenzi zaidi. Yalipokoma, mji wa Kent, uliosifika kwa letasi, ulianza kujaa viwanda na maghala. Watu walewale waliojitoza kodi kwa ajili ya bustani hawakuulizwa lolote kuhusu udongo huo, na sioni dalili kwamba wengi wao walidai kuulizwa.

Daraja kati ya bustani na shamba lilikuwa soko. Pike Place, lililoanzishwa Seattle mwaka 1907 ili mkulima amuuzie mlaji bila dalali, lilitakiwa kubomolewa kupisha majengo mapya. Victor Steinbrueck, msanifu majengo, aliongoza wananchi kukusanya sahihi, na Novemba 1971 wapiga kura wakaliokoa. Hapo swali jingine halikwepeki: soko la wakulima litauza nini ikiwa wakulima wamekwisha? Hata hivyo, pendekezo la kukopa fedha za kuhifadhi mashamba halikupita lilipoletwa kwa mara ya kwanza. Lilipungukiwa kidogo kufikia asilimia 60. Lilirudishwa, na Novemba 1979 dola milioni 50 zikaidhinishwa. Kesi ikapelekwa hadi Mahakama Kuu ya jimbo la Washington, ambayo mwaka 1980 iliupa mpango huo baraka, na ununuzi wenyewe ukafanyika katika muongo uliofuata. Zaidi ya ekari 12,000 zililindwa.

Kaunti haikununua mashamba. Ilinunua haki ya kuyajenga, yaani tofauti kati ya bei ambayo mjenzi angelipa na thamani ya ardhi hiyo kwa kilimo. Mwenye shamba alibaki na hati yake. Angeweza kulima, kuuza au kurithisha, ila sharti la kutojenga mitaa ya nyumba lilifuata ardhi kwa kila mmiliki atakayekuja. Hili linajibu wanaosema kwamba watu wa mjini, kwa wingi wao, waliamua hatima ya mali ya wachache. Hakuna aliyelazimishwa kuuza, na aliyeuza alilipwa. Malalamiko hayo yana uzito zaidi Napa, California, ambako kura ya mwaka 1990 ilizuia ardhi ya kilimo kubadilishwa matumizi bila idhini ya wapiga kura, pasipo fidia. Mahakama Kuu ya California iliikubali kura hiyo mwaka 1995, lakini uhalali na haki si lazima viende pamoja.

Wapo wanaodai kwamba kulinda mashamba hupandisha bei ya nyumba. Siwezi kulikana kabisa, maana ardhi ikipungua sokoni bei husukumwa juu. Lakini bonde la Kent halikugeuka makazi ya watu wa kipato cha chini. Sehemu kubwa ilifunikwa na maghala na maegesho. Hoja ninayoiona nzito kuliko zote ni nyingine: mkataba huzuia kujenga, haumlazimishi mtu kulima. Tajiri anaweza kununua shamba lililolindwa akafuga farasi wawili na kufurahia mandhari. Katika hilo kura ya 1979 ilikuwa na upungufu. Iliilinda ardhi, ikamwacha kijana anayetaka kulima atafute mwenyewe namna ya kuipata.

Hata hivyo, ardhi iliyobaki wazi inaweza kupata mkulima siku yoyote, ilhali iliyomwagiwa zege imekwisha kwa vizazi. Na njia ya kupata fedha sasa inajulikana. Novemba 2022 wapiga kura wa King waliulizwa kuhusu kodi ya kununua ardhi za wazi: bustani, njia za kutembea, misitu na mashamba, vyote kwenye swali moja. Walikubali kurudisha kiwango cha senti 6.25 kwa kila dola 1,000 za thamani ya mali. Shamba lililosimama peke yake lilishindwa kabla ya kupita; lililoshikana mkono na bustani lilipita kwa urahisi.