Nota za Herufi: Kutoka Solfa ya Kwaya hadi Faili ya Kompyuta, kwa Kurejelea Mpitimbi, Songea

Historia ya uandishi wa muziki nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kama historia ya mistari mitano na vinanda vya misheni. Mtazamo huo unaziacha kando karatasi zilizofundishia kwaya nyingi za vijijini, yaani karatasi za solfa, zilizojaa herufi, nukta na vistari. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba solfa ni nota ya maandishi kwa maana ile ile inayotumika leo katika kompyuta. Kwa hiyo ugumu wa kufungua na kuelewa faili za nota za maandishi, katika mahali kama kata ya Mpitimbi wilayani Songea, hauelezeki vema bila kuanzia kwenye karatasi hizo. Suala lenyewe ni zito kuliko urahisi wa mwalimu wa kwaya. Tungo ambazo hazikuwahi kuchapwa zimo katika madaftari, na sasa katika simu na kompyuta. Namna zinavyohifadhiwa leo ndiyo itakayoamua zipi zitaimbika baadaye.

Solfa ilianzia Norwich, Uingereza, kwa Sarah Ann Glover, aliyetoa kitabu chake mwaka 1835. John Curwen, mchungaji wa Kikongregesheni, aliichukua kuanzia mwaka 1841, akairekebisha na kuieneza. Siri ya kuenea kwake ilikuwa ya kiuchumi kama ilivyokuwa ya kielimu: mpiga chapa hakuhitaji herufi maalumu za muziki, kwa kuwa zile za kuchapia barua na vitabu zilitosha. Wamisionari wa Kiprotestanti waliifikisha Madagaska na Afrika Kusini. Huko Enoch Sontonga alitunga mwaka 1897, kwa solfa, wimbo ambao mahadhi yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika. Wimbo wa taifa wa Tanzania, kwa maneno mengine, uliandikwa kwanza kwa herufi, jambo lisilotajwa mara nyingi inavyostahili.

Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, waliofika Peramiho mwaka 1898, walikuja na mapokeo tofauti, ya wimbo wa Kigregori na nota za mistari. Padri Stephen Mbunga, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, alishughulikia nafasi ya muziki wa Kiafrika katika ibada. Suala la maandishi yenyewe halijapewa uzito kama huo. Katika kwaya za leo mapokeo hayo mawili hukutana, na si ajabu kukuta herufi za solfa zimeandikwa sambamba na mistari mitano.

Namna solfa inavyofanya kazi inahitaji kuangaliwa kwa karibu. Kichwani huandikwa Doh = G, kisha hufuata, kwa mfano, d : r | m : – | s : m | d : – ||. Herufi hutaja nafasi ya sauti katika ngazi, nukta pacha hutenganisha mapigo, na kistari hurefusha sauti. Kubadili ufunguo ni kubadili kichwa tu. Lakini sehemu ya maana haimo katika herufi, imo katika mpangilio: sauti nne hupangwa moja chini ya nyingine, pigo chini ya pigo. Taipureta iliuhifadhi mpangilio huo kwa sababu kila herufi ilichukua upana sawa. Karatasi hiyo ikinakiliwa katika programu ya kuandikia barua, yenye herufi za upana tofauti, mapigo huachana na sauti ya tatu huonekana kuimba kabla ya wakati wake.

Mifumo ya kompyuta ilijaribu kuondoa utegemezi huo. ABC ya Chris Walshaw ilikusudiwa kwanza kwa nyimbo za kienyeji za Ulaya. LilyPond ilianzishwa mwaka 1996 na Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen. MusicXML ya Michael Good ilipata toleo lake la kwanza mwaka 2004. Katika ABC mfano wa hapo juu unaanza na mistari ya maelezo: X:1, T: kwa jina la wimbo, M:2/4, L:1/4, na mwisho K:G. Nota zenyewe ni G A | B2 | d B | G2 |]. Nafasi kati ya pigo na pigo haibebi tena muda. Tarakimu ndizo zinazoubeba.

Hapo ndipo mazoea ya solfa yanapogeuka mtego. Herufi d katika solfa ni doh, popote doh ilipo. Katika ABC ni D ya oktava ya juu, na D kubwa ni ya oktava iliyo chini yake. Herufi r, ambayo mwanakwaya huisoma re, katika LilyPond ni kimya. Mtu akibadili K:G kuwa K:F akitumaini kuushusha wimbo wote, kama angefanya kwenye karatasi, herufi zitabaki palepale na nusu-sauti tu ndizo zitakazobadilika. Kompyuta haiwezi kujua msomaji amelelewa katika mapokeo gani.

Kufungua faili hizo, kwa upande mwingine, ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Faili yenye kiendelezi cha abc au ly husomeka katika kihariri chochote cha maandishi, hata kompyuta ikidai kuwa haina programu yake. MusicXML nayo husomeka hivyo, ingawa kwa uchovu, kwa wingi wa mabano yake. Yenye kiendelezi cha mxl imefungashwa kwa njia ya zip, na lazima ifunguliwe kwanza. Hatari huja faili inapofunguliwa katika programu ya barua inayojisahihisha yenyewe. Programu hiyo huikuza herufi ya kwanza ya mstari, na hivyo katika ABC sauti hushuka oktava nzima. Hupinda pia alama za kunukuu, na LilyPond hukataa kuisoma faili. Faili za zamani za LilyPond hubeba namba ya toleo, na chombo kiitwacho convert-ly huzisogeza hadi sarufi mpya. Namba hiyo ikifutwa, kazi ya kubahatisha humwangukia mtafiti.

Mazoea ya kutumiana PDF na midi peke yake yanastahili kutiliwa shaka kwa sababu hiyo. PDF huonyesha ukurasa bila kuutoa muziki kwa urahisi. Midi hutoa sauti, lakini haitofautishi G iliyopandishwa na A iliyoshushwa, na mara nyingi haina maneno ya wimbo. Mwalimu wa kwaya wa Mpitimbi aliyenakili daftari la solfa katika faili ya herufi tupu, zenye upana sawa, akaandika kichwani jina la mtunzi, mwaka na Doh, ameacha hati inayoweza kugeuzwa kuwa ABC au LilyPond wakati wowote. Aliyepiga picha ya daftari hilo hilo ameacha mwandiko wa mkono na madoa ya wino, vitu ambavyo mwanahistoria atavihitaji pia.