Kifuniko cha sanduku la nyoka: jiwe halitoshi

Mpwa wangu alipoondoka Mombasa kwenda kusoma Thika, kazi ya kwanza ya kujikimu aliyopata ilikuwa kulisha nyoka. Mamake alinipigia simu akilia. Mwajiri ni bwana mmoja wa Ruiru mwenye kibali cha KWS, ambaye huwapeleka nyoka wasio na sumu shuleni ili wanafunzi wawaone na wawajue. Nilimtuliza dada yangu, nikasema kazi ni kazi.

Wiki chache baadaye nyoka mmoja akatoroka. Alikuwa nyoka wa nyumba, yule wa hudhurungi asiye na sumu ambaye chakula chake ni panya, kwa kawaida hata mita moja hafiki. Sanduku lake lilifunikwa kwa ubao, na juu ya ubao pakawekwa jiwe. Alfajiri mama wa nyumba ya pili alimkuta nyuma ya mtungi wa gesi akiwa anainjika uji wa watoto. Vijana wa ploti walikuja na fimbo na chupa ya mafuta ya taa. Mpwa wangu alipofika kulikuwa hakuna cha kuokoa, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kutoa siku saba: masanduku yote yafungwe sawasawa au yahame. "Mjomba, wewe si ulisomea ujenzi?" akaniuliza kwenye simu. Stashahada yangu imelala kabatini tangu nilipoanza kuandika, lakini msumeno bado naujua. Nikapanda basi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba nyoka huzunguka kingo za sanduku usiku kucha akijaribu kila kona kwa pua. Akipata mahali panapoinuka hata kidogo, huingiza kichwa, na kikishapita kichwa, kiwiliwili kwa kawaida hufuata. Jiwe hukandamiza pale lilipo tu. Kona za ubao hubaki huru, na ubao mwembamba ukipata unyevu wa bakuli la maji hujipinda, ndipo kona huinuka zenyewe.

Masanduku yalikuwa ya futi 4 kwa futi 2. Fremu ya kifuniko nilitengeneza kwa mbao za inchi 2 kwa 1 zilizokauka vizuri. Mbao mbichi zitakupinda baada ya mwezi. Kwa sehemu iliyozibwa nilitumia plaiwudi ya nusu inchi, ile isiyoharibiwa na maji. Pande tatu za kifuniko zina upindo wa inchi moja unaoshuka nje ya sanduku kama kifuniko cha sufuria. Upande wa nyuma, penye bawaba, nilipigilia ufito kwa ndani ili kuziba mwanya. Bawaba ni tatu, kwa sababu kwa urefu wa futi 4 bawaba mbili huacha katikati pakilegea.

Wavu ndio uliotuchukua muda. Ruiru ni nchi ya kahawa. Ndiko kwenye kituo cha utafiti kilichotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, na maduka ya vifaa ya huko huuza wavu wa chuma wa kuanikia kahawa. Tulichukua wenye matundu ya robo inchi. Kwa nyoka mkubwa unatosha. Kwa aliyetoka kwenye yai hautoshi, kichwa chake ni chembamba mno, kwa hiyo ongeza juu yake wavu mwembamba wa mbu, wa chuma. Usitumie wa plastiki, huchanika.

Watu wengi huupigilia wavu juu ya fremu kwa pini. Nyoka akisukuma kutoka chini, pini hung'oka moja moja. Ukiupigilia kwa ndani, anaposukuma hauendi popote, lakini zile ncha za nyaya zitamchuna pua kila usiku mpaka ipate kidonda. Dawa ni fremu mbili: wavu ukae katikati kama nyama ndani ya sambusa, na skrubu zipite zote mbili kila baada ya inchi 4. Ncha zote hufichika. Misumari niliikataa, maana mbao zikitanuka na kunywea nayo hulegea.

Wavu uwe mpana kiasi gani? Kwetu Pwani ningefungua kifuniko chote, hewa ipite. Ruiru na Thika ziko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Julai mimi mwenyewe nililala na sweta. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Hutegemea la mahali alipo, na akipoa mno chakula hakisagiki tumboni. Kwa hiyo niliacha theluthi moja tu ya wavu na kuziba nyingine ili joto lisitoroke. Taa ya kupasha joto iwekwe upande mmoja, ili nyoka achague penye joto au penye ubaridi. Ikiwa ndani, iwe kwenye kizimba chake cha waya, kwani nyoka huikumbatia na kuungua. Isiguse mbao.

Na waya wa hiyo taa unapita wapi? Hapo ndipo wengi hujisahau. Hufunga kila kitu, kisha hutoboa tundu la kupitisha plagi, tundu linaloweza kumtoa nyoka bila taabu. Kata plagi kwanza, toboa tundu la unene wa waya tu, pitisha, ziba kwa mpira, kisha umpe fundi wa umeme afunge plagi upya.

Mbele weka makomeo mawili karibu na kona, si moja katikati, yote yakiwa na mahali pa kufuli. Watoto wa ploti ni wadadisi kuliko nyoka. Ukipaka vanishi, subiri siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa kabla ya kumrudisha mwenyewe.

Kisha jaribu. Funga kipande cha karatasi kati ya kifuniko na ukingo, ukivute. Kikitoka kwa urahisi, hapo pana mwanya. Zunguka pande zote hivyo. Usiku zima taa za chumba, weka simu ndani ya sanduku ikiwa imewashwa tochi, ufunge. Palipo na mstari wa mwanga pana njia. Sisi tuliona mistari miwili, mmoja chini ya bawaba ambayo nilikuwa tayari nimeisifu.

Kifuniko hiki ni cha nyoka asiye na sumu, kwa mtu mwenye kibali. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga nyoka wa porini kwa sababu tu amemwokota shambani. Wenye sumu usiwaguse. Mwaka 2007 swila mkubwa anayepatikana hata huku Pwani alipewa jina la kitaalamu Naja ashei, kwa heshima ya marehemu James Ashe wa shamba la nyoka la Bio-Ken, Watamu. Hupita mita mbili na hutema sumu ikalenga macho. Sumu hiyo hupita kwenye wavu wa kahawa kama maji kwenye chujio.

Siku ya saba mwenye nyumba alikuja na yule mama wa uji. Yeye mwenye nyumba alitazama makufuli, akatikisa kichwa, akaridhika. Mama hakuridhika upesi. Aliweka viganja viwili kwenye kona ya kifuniko akaivuta juu kwa nguvu zake zote, kisha kona ya pili, kisha akauliza, "Na ufunguo unakaa wapi?"

Mpwa wangu alionyesha msumari ukutani, futi mbili kutoka kwenye sanduku. Mama alimtazama tu. Ufunguo ukahamia kwenye kamba, shingoni mwake, na wa akiba akapewa yule mama.